Kinyumenyume Kutoka Mhunze

Gari lile halikuwa na sauti. Ndilo ninalolikumbuka kabla ya mengine yote. Miaka ile ya baada ya vita vya pili vya dunia, magari tuliyoyajua kule mgodini Geita yalikuwa malori, na lori ulilisikia likinguruma tangu kilimani, ukamaliza uji wako, ukaosha kikombe, ndipo likafika. La injinia lilikuja kama mtu aliyevua viatu. Unageuka, liko nyuma yako, refu, la kijani cha chupa, na vumbi linainuka taratibu ubavuni mwake kana kwamba linaona haya kulichafua.

Nilikuwa karani wa stoo. Kazi yangu ilikuwa kugawa sepetu, taa, buti na kamba, na kuandika nani kachukua nini. Injinia alipita mbele ya dirisha langu kila asubuhi, na siku nyingine alisimama kuulizia vifaa, nami nikapata nafasi ya kuchungulia ndani. Viti vilikuwa vya ngozi, rangi ya asali. Ubao wa mbele ulikuwa wa mti uliosuguliwa mpaka ukajiona uso. Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba halikuwa na klachi. Dereva hakuhangaika na gia. Kwenye shingo ya usukani kulikuwa na kijiti, anakisogeza mara moja tu, na gari lenyewe likajua lini liongeze na lini lipunguze. Jambo hilo lilinikaa kichwani kama wimbo. Usingizini nilijiona niko ndani yake, napita juu ya mbuga za kwetu Samuye, na magurudumu hayagusi chini.

Injinia alipomaliza mkataba wake, akasema analiuza. Bei aliyotaja ilikuwa kubwa kwangu, lakini ilikuwa ndogo mno kwa gari kama lile, na Wazungu wenzake hawakulitaka. Ningepaswa kujiuliza kwa nini. Sikujiuliza.

Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mimi nilikuwa mwanawe wa kiume pekee, na ng'ombe wake walibaki Samuye chini ya uangalizi wa mama. Niliomba likizo, nikaenda nyumbani. Nilimkuta mama anapepeta mtama. Kwetu Usukumani mama huitwa mayu, nami nikamwambia, mayu, nataka kuuza ng'ombe ninunue gari, nitabeba maharusi kwa malipo, nitapata ng'ombe wengine mara mbili ya hawa. Alisikiliza bila kusimamisha ungo. Kisha akauliza, "Wote?"

Nikasema si wote, wa kukamua tutabakiza wawili. Akaendelea kupepeta. Makapi yalikuwa yakiruka na kumeremeta juani, mengine yakanitua mikononi. Niliuchukua ukimya ule kuwa ridhaa. Nilikuwa kijana, na ukimya wa mzazi unaupa maana unayoitaka mwenyewe.

Injinia alinifundisha kuliendesha kabla hajaondoka. Safari ya kulileta nyumbani naikumbuka vipande vipande, kama ndoto unayosimulia baada ya kunawa uso. Naikumbuka pantoni, maji ya ziwa yaking'aa, na abiria wamelizunguka gari wasitie neno. Naikumbuka barabara ya kutoka Mwanza, mawe makubwa yamebebana, halafu mawe yakaisha na nchi ikafunguka, tambarare, nyeupe kwa pamba iliyokomaa pande zote mbili. Madirisha yalikuwa wazi. Nilisikia ndege wa shambani kwa jinsi injini ilivyokuwa kimya. Nilipoingia Samuye watu walitoka. Mama naye alitoka, akaweka kiganja kwenye mlango wa gari kama mtu anayepima homa. Akasema ni zuri. Lakini hakuingia, siku ile wala siku zilizofuata. Nilimwita twende gulioni, twende zahanati, akasema miguu yake bado inamtosha. Ilikwenda hivyo kwa karibu miaka miwili.

Niliacha kazi ya mgodini, nikalima pamba, na Jumamosi nilibeba maharusi. Ndipo gari likaanza kuonyesha ugonjwa wake. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye kijimwinuko tu, bibi harusi amekaa nyuma na shela lake. Nilikanyaga mafuta, injini ikapanda sauti, gari likabaki palepale. Umewahi kuota unakimbia na miguu haiendi? Ilikuwa vilevile. Baada ya muda likashtuka, likavuta kwa kishindo, bibi harusi akagonga kichwa. Wiki iliyofuata likafanya hivyo kwenye njia iliyo sawa kabisa.

Mjini Shinyanga kulikuwa na fundi mmoja Mhindi mwenye kilemba, mtu mpole aliyeongea Kiswahili cha polepole, na gereji yake ilikuwa nyuma ya duka la kaka yake la vitambaa. Alilala chini ya gari kutwa nzima. Alipotoka alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akaniketisha kwenye debe na kunieleza kwamba shida iko kwenye giaboksi. Ndani yake hakuna meno tu kama ya lori. Kuna sahani nyembamba zinazoshikana kwa nguvu ya oili, na sahani zile zimekwisha. Vipuri vyake haviko Shinyanga, wala Mwanza, wala Nairobi. Vitakuja kwa meli.

"Gari hili liliundwa kwa nchi yenye lami na baridi," aliniambia. "Mimi nitalitengeneza, na litaharibika tena, na utarudi hapa. Nakuambia mapema ili usije ukanichukia."

Alitengeneza. Likaharibika. Nikarudi. Pamba yangu ya msimu mzima iliingia tumboni mwa giaboksi ile. Kipuri cha kwanza kilichukua miezi kufika, na kilipofika kikawa cha gari la aina nyingine, tukangoja tena. Katikati ya hayo taa zilikufa, rejeta ikatoboka, dirisha moja likakataa kupanda. Maharusi wakarudia malori na baiskeli, ambazo angalau zilifika kanisani. Sikumchukia fundi. Nadhani yeye ndiye aliyenihurumia, kwa sababu mara mbili alinifanyia kazi bila malipo na kusema alitaka tu kujifunza.

Lakini lilipokuwa zima, hakuna aliyeweza kuniambia kitu. Kuna asubuhi moja baada ya mvua za kwanza, nilikuwa peke yangu njiani kutoka mjini. Mbuga ilikuwa imeshika maji, na maji yameshika mbingu. Yangeyange walikuwa wamesimama kila mahali, weupe. Niliondoa mguu kwenye mafuta, gari likateleza lenyewe, polepole, na ndege wale hawakuruka. Nilipita kati yao. Sijawahi kumweleza mtu jambo hilo akaona uzito wake. Nilikuwa na deni la mwaka mzima la huzuni, na asubuhi ile ilinilipia, walau mpaka nilipofika nyumbani.

Mwezi mmoja baada ya fundi kulitengeneza mara ya tatu, mama alinijia nikiwa nalifuta vumbi. Akaniuliza kama gari linatembea. Nikamwambia linatembea.

"Basi nipeleke Mhunze kwa dada yangu," alisema.

Nilifurahi hata sikuuliza sababu. Dada yake huyo, mama yangu mkubwa, aliolewa upande wa Kishapu kabla sijazaliwa, naye alikuwa mjane mwenye boma kubwa. Zamani alikuja kwetu kila baada ya mavuno. Miaka ya karibuni alikuwa haji, na mama alikuwa haendi, na mimi sikuwa nimeliona hilo kuwa jambo.

Siku ya safari mama alivua ndala zake kabla ya kuingia, akazishika mkononi. Aliketi nyuma, mgongo umenyooka, kikapu cha michembe mapajani, vile vipande vikavu vya viazi vitamu ambavyo dada yake alivipenda. Kwenye kioo nilimwona akitazama nje, uso wake ukipita juu ya mashamba na mifugo na vichaka vya miiba. Hakusema neno mpaka tulipopita mjini Shinyanga. Hapo akasema tu kwamba nyumba zimeongezeka. Tulisafiri katika mwanga ule mweupe wa Kishapu ambao huondoa vivuli, na mbele yetu kulikuwa na ziwa la uongo linalorudi nyuma kila unapolikaribia. Gari halikukwama hata mara moja.

Mama mkubwa alitupokea vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila haraka, akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu. Tulikula. Baada ya kula mama aliweka mikono magotini na kusema kuna neno limemleta.

Hapa lazima nieleze desturi moja. Kwetu mtu mwenye mifugo mingi huweza kumpa ndugu yake ng'ombe akae naye, amkamue, anywe maziwa. Ng'ombe na ndama zake hubaki mali ya mwenyewe. Mwaka baba alipoanza kuumwa, mama mkubwa alimletea mama ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe, ili mgonjwa asikose maziwa. Ng'ombe yule alizaa mara mbili kwetu. Nilimkuta zizini pamoja na wengine, nikadhani wote ni wa baba.

"Ng'ombe wako na watoto wake waliuzwa mnadani," mama alimwambia dada yake. "Nilikuwapo, nikanyamaza. Ndio gari hilo lililoko nje."

Nilitazama chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia jambo lile, na nililisikia mbele ya yule niliyemdhulumu.

Mama mkubwa aliinuka, akachukua fimbo yake, akatoka. Tulimfuata. Alilizunguka gari kutoka kulia, polepole, kama mtu anayezunguka mnyama mnadani. Aligusa taa moja, kisha ya pili. Aliinama kutazama chini ya tumbo. Alifungua mlango mwenyewe, akaketi kwenye ile ngozi ya rangi ya asali, akakaa humo muda mrefu huku sisi tumesimama juani.

"Ndiye huyu?" aliuliza hatimaye.

"Ndiye," mama alijibu.

"Amenona," mama mkubwa alisema.

Sikujua kama ninaruhusiwa kucheka. Mama ndiye aliyeanza, akajifunika mdomo kwa kitenge, na mabega yakamtikisika, na sikuweza kuona kama ni kicheko tu. Mama mkubwa alitaka azungushwe. Nikampeleka gulioni, tukapita katikati ya wauza chumvi na wauza vyungu, naye akatoa mkono dirishani kuitikia salamu za watu wote. Tuliporudi, alishuka, akafunga mlango kwa upole na kuniambia amemwona ng'ombe wake, ila sasa anamtaka mwenye kwato. Alisema hivyo bila hasira. Nikamjibu kwamba atampata. Tulikaa pale siku mbili zaidi, na wale dada wawili waliongea mchana kutwa chini ya ukuta wa ghala la nafaka, wakimenya karanga, kama wasichana.

Siku ya tatu asubuhi tukaanza kurudi. Boma halikuwa limepotea machoni vizuri, gari lilipotoa mtikisiko mmoja na kunyamaza. Injini ilikuwa hai. Nilisogeza kijiti mbele, hakuna kitu. Nikakirudisha, nikakisogeza tena, nikaongeza mafuta, injini ikalia peke yake. Nikajaribu kurudi nyuma ili nilitoe njiani, nalo likarudi laini kabisa, kama siku ya kwanza.

Nilimweleza mama kwamba gia za kwenda mbele zimekufa. Lori la pamba lingepita siku ya gulio, na gulio lilikuwa limekwisha siku ile tuliyofika. Alifikiri kidogo.

"Nyuma linakwenda?"

"Linakwenda, mayu."

"Basi twende na nyuma."

Nchi ile ni tambarare. Nililirudisha kwa mzunguko mpana juu ya nyasi kavu mpaka matako yake yakaelekea nyumbani na macho yake yakaelekea Mhunze. Mwanzoni nilijigeuza mwenyewe na kutazama nyuma, lakini shingo ilinikatika kabla hatujafika mbali. Mama akasema nitazame mbele, yeye ataona njia. Alipiga magoti juu ya kiti cha nyuma, viwiko kwenye ukingo wa kioo cha nyuma, na kuanza kuniongoza kwa sauti zile anazotumia mkulima nyuma ya maksai. Mluzi mfupi, kushoto. Kidoko cha ulimi, kulia. Sauti ndefu ya kooni, taratibu. Nilizijua tangu utoto, mikono yangu ikazitii kabla akili haijafika.

Tukaenda hivyo, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Kila baada ya muda tulisimama kuipumzisha giaboksi, iliyokuwa ikinuka kama mkate ulioungua. Mimi niliona tulikotoka tu. Boma likawa dogo, likawa nukta, likayeyuka. Vumbi letu halikutufuata, lilikuwa mbele yangu, linafunga njia kama pazia. Wachungaji walisimama kwa mguu mmoja wakitutazama. Mtu mmoja wa baiskeli alikuwa akielekea tunakoelekea, na kwa kuwa alikuwa nyuma yetu, tulitazamana uso kwa uso. Tulikwenda hivyo karibu maili nzima, yeye akikanyaga pedali, mimi nikishika usukani. Mwishowe tukaamkiana. Akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu nzuri, nikamuuliza za kwake. Kisha akapinda njia ya kwao.

Baada ya mtu yule kuondoka ndipo nilipomuuliza mama. Sikuweza kuuona uso wake wala yeye hakuuona wangu, na nafikiri ndiyo sababu niliweza.

"Mayu, kwa nini hukuniambia siku ile?"

Alipiga kidoko, nikasogea kulia.

"Baba yako aliumwa muda mrefu," alisema. "Nyumba yote ilikuwa imefumba macho. Wewe ukaja na gari lako mdomoni, macho yamewaka. Nikasema moyoni, nikiuzima moto huu, nani atauwasha tena? Nikamwacha ng'ombe aende. Lakini sikuweza kukaa ndani yake."

Akapiga mluzi, nikapinda kushoto. Machozi yalinitoka, na kwa kuwa nilitazama njia tuliyokwisha kuipita, hayakumdhuru mtu. Baadaye akaanza kunisimulia habari za baba ambazo sikuzijua, jinsi alivyoogopa mvua ya radi, jinsi alivyoimba vibaya kwenye ngoma za mavuno wakampa kazi ya kubeba maji ili asiimbe. Alisimulia akiwa amenipa kisogo, huku akikatiza maneno kwa mluzi na kwa ulimi, na hadi leo sikumbuki mahali hadithi zile zilipoishia na mahali njia ilipoanza. Nakumbuka jua kwenye magoti yangu. Nakumbuka kwamba sikutaka kufika.

Alasiri tulifika kwenye kituo cha kununulia pamba, na hapo giaboksi ikakata tamaa ya upande wa nyuma pia. Watu wa kituo walitupa maji na kivuli. Kesho yake lori lililoitwa kutoka mjini lilituvuta hadi kwa fundi.

Alilifungua, akaniita nione. Zile sahani zilikuwa nyeusi, zimejikunja kama majani makavu. Akasema anaweza kuagiza tena. Nikamuuliza kama yeye angelitaka gari lile. Akalitazama kwa namna ambayo mimi nililitazama zamani kutoka kwenye dirisha la stoo, akakubali, na tukaelewana bei bila kuvutana. Siku nilipompa funguo, aliniuliza kama nataka kukaa ndani mara ya mwisho. Nikakataa.

Kwa fedha ile nilinunua mtamba mmoja mwekundu na ndama wawili. Paji jeupe sikulipata. Mama alisema lazima aende mwenyewe, na kwa miguu, basi tukawaswaga ng'ombe wale kwa siku tatu, tukilala kwa ndugu na kwa watu wasiotujua. Mama mkubwa alimfungua mtamba mdomo, akamtazama meno, akampapasa mgongo, akasema anafaa. Baada ya mavuno yaliyofuata alikuja Samuye kama zamani, na alimswaga mbele yake ndama mmoja kati ya wale, akae kwetu, tunywe maziwa wakati ukifika. Mama alimpokea bila maneno mengi.

Siku ya pili ya safari ile ya miguu tulifika kwenye kijito ambacho bado kilikuwa na maji. Ng'ombe waliingia, wakanywa. Mama alikaa ukingoni, akakunja kitenge, akatumbukiza miguu, nami nikakaa kando yake. Maji yalikuwa ya vuguvugu kwa juu na baridi chini. Kulikuwa na upepo mdogo, na mbali sana, upande wa Shinyanga, wingu moja lilikuwa linajifikiria kama litakuwa mvua. Mama aliuliza kama nina njaa. Nikasema bado. Tukaendelea kukaa.